Namna ya Kuufikisha Ushahidi wa Simu Mahakamani: Mwongozo kwa Wafanyabiashara na Mawakili Vijana wa Kigoma

Mama mmoja anayeuza mawese kwa jumla alifika ofisini kwangu Mwanga, akaweka mezani simu yenye kioo kilichopasuka, akasema: "Wakili, kila kitu kimo humu." Alikuwa anamdai mnunuzi wake wa Kasulu fedha za madumu aliyomkopesha kwa awamu tatu, na makubaliano yao yote, tangu bei hadi siku ya malipo, yalikuwa yamefanyika kwa WhatsApp. Nilipomwomba anifungulie ujumbe wenyewe, akanyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba simu iligoma kuwaka wiki mbili zilizopita na fundi akaifuta yote ili ifanye kazi tena. Kilichobaki kilikuwa karatasi saba ambazo mpwa wake alimchapishia kutokana na picha za skrini. Hazikuonyesha namba ya simu wala mwaka, na juu ya kila ukurasa palikuwa na jina moja tu alilokuwa amelihifadhi mwenyewe: "Mteja Mawese". Mdaiwa alikana kila neno, na mwishoni tulimaliza kwa suluhu iliyompa mama yule sehemu ndogo tu ya haki yake.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu jambo hilo halikuwa lazima litokee. Wengi wanaamini kwamba mahakama inakataa ushahidi wa simu kwa kuwa ni wa simu, na kwa imani hiyo hawahangaiki kuutunza. Sheria yetu ilikwishaondoa kizuizi hicho. Kinachouangusha ushahidi wa namna hii ni mwenye nao kushindwa kueleza ulikotoka, ulikopita na nani aliushika kabla haujafika mbele ya hakimu. Anayeweza kuisimulia safari hiyo bila pengo ana nafasi kubwa ya kusikilizwa, hata kama ushahidi wenyewe ni sauti ya nusu dakika.

Kwanza ijue sheria inauliza nini

Mwaka 2000 Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, ilikubali kwamba kumbukumbu za benki zilizochapishwa kutoka kwenye kompyuta zinaweza kupokelewa kama vitabu vya benki, ingawa sheria ya wakati ule iliandikwa ikiwa na madaftari ya karatasi akilini. Mwaka 2007 Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ilirekebishwa ili taarifa zinazotolewa kwenye kompyuta zipokelewe katika mashauri ya jinai. Kisha ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo pia iliingiza katika Sheria ya Ushahidi kifungu cha 64A kinachosema kwamba ushahidi wa kielektroniki unapokelewa katika mashauri, na kwamba upokelewaji na uzito wake utapimwa kwa kifungu cha 18 cha sheria hiyo ya miamala.

Kifungu hicho cha 18 ndicho cha kukariri. Kinamwelekeza hakimu kutazama kama njia iliyotumika kuutengeneza, kuuhifadhi na kuutuma ujumbe ni ya kuaminika, kama njia iliyotumika kulinda ukamilifu wake ni ya kuaminika, aliyeutuma alitambuliwaje, na jambo lingine lolote lenye uzito. Kinaongeza kwamba mfumo wa kumbukumbu utachukuliwa kuwa halisi pale inapoonyeshwa kwamba kifaa kilikuwa kinafanya kazi sawasawa wakati wote unaohusika, au kwamba kumbukumbu ilihifadhiwa na upande unaopingana na anayeitoa, au kwamba iliwekwa katika shughuli za kawaida za kila siku na mtu asiye mdaawa, yaani asiye mmoja wa pande zinazoshindana katika shauri. Kila hatua nitakayoieleza hapa chini inajibu mojawapo ya maswali hayo, na mama wa mawese hakuwa na jibu la hata moja.

Kuna tahadhari mbili. Sheria za nchi zimechapishwa upya katika toleo la urekebu la mwaka 2023 lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba za vifungu katika baadhi ya sheria zimebadilika; kwa hiyo usinakili namba kutoka kwenye hukumu ya zamani, au hata kutoka hapa, bila kuilinganisha na toleo jipya. Pia kumbuka kwamba Sheria ya Ushahidi haitumiki katika Mahakama za Mwanzo, ambazo zina kanuni zake nyepesi za ushahidi. Hata huko, hakimu atataka kujua ujumbe umetoka kwa nani.

Siku ile mgogoro unaponukia

Usisubiri kesi ifunguliwe. Siku mdaiwa anapoanza kuchelewesha majibu, chukulia kwamba simu yako imekuwa kielelezo. Zima ujumbe unaojifuta wenyewe baada ya muda, kwa kuwa WhatsApp ina utaratibu huo na mtu wa upande wa pili anaweza kuwa ameuwasha bila wewe kutilia maanani. Usifute chochote, hata maneno ya aibu uliyomwandikia kwa hasira, kwa sababu mazungumzo yenye mapengo humpa wakili wa upande wa pili hoja ya bure kwamba umechagua yanayokufaa. Simu ikiharibika, mwambie fundi waziwazi kwamba asiifute, na kama hana njia nyingine, irudishe nyumbani ikiwa hivyo hivyo, ununue ya bei nafuu kwa matumizi ya kila siku. Najua fedha ni ngumu, lakini simu mbovu yenye ujumbe ndani inaweza kupelekwa kwa mtaalamu baadaye, ilhali simu iliyofutwa mara nyingi haina cha kurudisha.

Kisha fanya mambo mawili pamoja. Piga picha za skrini, ukianza na ukurasa wa maelezo ya mwasiliani unaoonyesha namba kamili ya simu iliyo nyuma ya jina ulilolihifadhi, halafu mazungumzo yenyewe kwa mfuatano, kila picha ikirudia mstari wa mwisho wa picha iliyotangulia ili ionekane kwamba hakuna kilichorukwa. Baada ya hapo tumia chaguo la kuhamisha mazungumzo nje ya programu pamoja na picha na sauti zake, uyatume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Mazungumzo yaliyohamishwa hutoka kama faili la maandishi ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua na kubadilisha neno, kwa hiyo usilichukulie kuwa ni ushahidi unaojitosheleza. Thamani yake ni kwamba linalingana na kilichomo ndani ya simu, na simu ndiyo mama wa ushahidi wote.

Suala la namba lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, zoezi lililoanza mwaka 2019 na kufuatiwa na kuzimwa kwa laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020, na usajili huo ndio daraja kati ya namba na mtu. Lakini kila mkazi wa Kigoma anajua kwamba laini ya mume hutumiwa na mke, na laini ya tajiri hubaki mikononi mwa kijana wake wa stoo. Tafuta basi ndani ya mazungumzo jambo linalomtambulisha mwandishi mwenyewe: sauti yake, picha aliyojipiga, ahadi aliyoitimiza kesho yake kwa kutuma fedha kutoka namba ileile.

Sauti, Kiha na saa

Ujumbe wa sauti unastahili uangalifu wa pekee. Katika simu nyingi za Android faili lake huhifadhiwa kwa jina linaloanza na PTT na kufuatiwa na mwaka, mwezi na siku, na jina hilo ni sehemu ya ushahidi. Usilibadilishe kuwa "sauti ya deni". Andaa maandishi ya neno kwa neno ya kila sauti, na kama wazungumzaji walitumia Kiha au Kirundi, andika maneno yao kwanza kama yalivyo, halafu tafsiri ya Kiswahili, kwa kuwa tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Mwandishi wa tafsiri awe tayari kusimama kizimbani. Niliwahi kuona tafsiri iliyofanywa na dada wa mdai mwenyewe ikipingwa kwa saa nzima, wakati mwalimu yeyote mstaafu anayeijua Kiha vizuri angeifanya kazi ileile bila kutiliwa shaka.

Halafu kuna saa. Jambo hili lina sura ya pekee kwetu tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika, na sijaona likielezwa vya kutosha. Tanzania inatumia saa za Afrika Mashariki, wakati Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Ujumbe mmoja ule ule uliotumwa kutoka Kibirizi, hapa Kigoma, kwenda Kalemie, upande wa Kongo, utaonekana umeandikwa 14:10 kwenye simu ya huku na 13:10 kwenye simu ya kule. Aidha, simu iliyowekwa kubadilisha saa kwa kufuata mtandao inaweza, ikiwa kwenye boti au kijiji cha mpakani, kushika mnara wa ng'ambo na kurudi nyuma saa moja bila mwenyewe kujua. Mbele ya wakili mpinzani, tofauti hiyo hugeuka "uongo". Iwahi: eleza katika hati yako ya kiapo simu ilikuwa wapi, ilikuwa imewekwa saa za nchi gani, na kwa nini kuna tofauti hiyo.

Ongeza juu yake mazoea yetu ya kuhesabu saa. Shahidi atasema "saa nane mchana", mashine imeandika 14:00, na mkalimani au karani aliyechoka ataandika 8:00. Andika kila wakati namna zote mbili: saa nane na dakika kumi mchana, yaani 14:10. Ni jambo dogo la kuandika, lakini nimeona hukumu iliyomshuku shahidi mkweli kwa sababu ya kulipuuza.

Picha, kamera na miamala ya fedha

Picha iliyopigwa kwa simu hubeba ndani yake taarifa za tarehe, aina ya simu na pengine mahali ilipopigwa. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu huibana na taarifa hizo hupotea. Picha ya mpaka wa shamba, ya gunia lililoloa au ya boti iliyogongwa itume kama waraka, au ihamishe kwa waya, na ile ya awali ibaki ndani ya simu iliyoipiga.

Kamera za ulinzi za maduka na nyumba za wageni hurekodi juu ya rekodi za zamani diski inapojaa, na kwa mitambo midogo hilo hutokea ndani ya siku au wiki chache. Kwa hiyo barua ya kuomba rekodi ihifadhiwe iandikwe siku ileile ya tukio, si baada ya mazishi au baada ya msimu wa mavuno. Unapoichukua rekodi, piga picha ya skrini ya mtambo ikiwa pamoja na saa sahihi pembeni, kwani saa za mitambo hii hupotoka mara kwa mara.

Kwa miamala ya simu, ujumbe wa uthibitisho uliobaki kwenye simu yako ni mwanzo mzuri, lakini taarifa ya miamala inayotolewa na kampuni yenyewe ni bora zaidi, kwa kuwa kampuni si mdaawa na iliiweka katika shughuli zake za kawaida. Hapo ndipo kile kifungu cha 18 kinapokusaidia. Ya kwako uiombe mapema. Ya mtu mwingine hutapewa mpaka mahakama iamuru.

Alama ya vidole ya faili

Hatua hii inaogopwa na mawakili wenzangu wengi, ingawa haichukui dakika tano. Kila faili la kompyuta linaweza kukokotolewa kwa kanuni iitwayo SHA-256 na kutoa mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja ndani ya faili, mfululizo wote hugeuka kabisa. Maana yake ni kwamba ukiuandika mfululizo huo leo, mtu yeyote anaweza kuukokotoa tena baada ya miaka mitatu na kuthibitisha kwamba faili halijaguswa.

Hamisha mazungumzo au sauti kwenye kompyuta, ulipe faili jina jepesi lisilo na nafasi katikati, kwa mfano ushahidi.zip. Jina la nje la kifurushi halina athari, ila usiguse majina ya mafaili yaliyomo ndani. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri katika folda ileile na uandike: certutil -hashfile ushahidi.zip SHA256. Ule mstari mrefu utakaotokea unakili kwenye karatasi, uandike tarehe, saa, aina ya kompyuta na jina la aliyefanya kazi hiyo, kisha asaini na shahidi mmoja asaini. Nakala ya faili iweke kwenye diski isiyotumika kwa jambo lingine, uifunge katika bahasha na kupitisha saini juu ya mdomo wake. Mwongozo wa kimataifa wa ISO/IEC 27037 wa mwaka 2012 kuhusu ukusanyaji na utunzaji wa ushahidi wa kidijitali unasisitiza jambo hilohilo: kuweza kuonyesha kilichofanyika, nani alikifanya na kwamba kinaweza kukaguliwa na mwingine.

Ambatisha daftari dogo la makabidhiano. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kunatakiwa kumbukumbu ya maandishi kwa mfuatano wa muda, inayoonyesha ukamataji, utunzaji, udhibiti, uhamishaji, uchunguzi na mwisho wa kielelezo. Kesi ile haikuhusu simu, lakini daftari la kurasa nne linalosema "tarehe fulani, saa fulani, nimepokea simu hii kutoka kwa fulani, nimeifungia kabatini" limeokoa vielelezo vingi.

Endapo polisi wanaichukua simu

Katika mashauri ya jinai, omba stakabadhi ya kila kifaa kilichochukuliwa, yenye saini za wahusika na shahidi aliyekuwapo, na hakikisha imeandikwa namba ya IMEI, ile inayoitambulisha kila simu, pamoja na rangi na kasoro za nje. Askari makini atazima mawasiliano ya simu hapohapo, kwa ile alama ya ndege, ili isipokee kitu kipya wala kufutwa kutoka mbali. Kama simu imebaki ikipokea ujumbe kituoni kwa siku kumi, wakili wa utetezi ana haki ya kuuliza ni nani aliyekuwa anaisoma.

Kwa upande wako, usijichukulie mamlaka. Kufungua simu au akaunti ya mwenzako bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama ni ya mumeo na hata kama unayoyatafuta ni ya kweli. Na unapoambatisha ushahidi wako, ficha namba na taarifa za watu wasiohusika, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na inawahusu mawakili pia.

Kuwasilisha na kusimama mbele ya hakimu

Kabla Kigoma haijapata kanda yake ya Mahakama Kuu, mashauri yetu ya ngazi hiyo yalikwenda Tabora, na faili lilisafiri kwa treni. Leo nyaraka zinapakiwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama, unapewa kontroo namba, na shahidi aliye Dar es Salaam anaweza kusikilizwa kwa video chini ya kanuni za mwaka 2021. Urahisi huo una mtego wake. Kanuni za mwaka 2018 zilizoanzisha uwasilishaji huu ziliweka msingi kwamba waraka uliopakiwa kabla ya saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki unahesabiwa wa siku hiyo, lakini mabishano yamekuwa mengi kuhusu kama shauri limefunguliwa siku ya kupakia au siku ya kulipa ada. Lipa siku hiyohiyo, uhifadhi risiti, na usisubiri usiku wa siku ya mwisho ukitegemea umeme na mtandao.

Pamoja na nyaraka, weka hati ya kiapo ya uthibitisho inayojibu maswali ya kifungu cha 18 moja baada ya jingine: kifaa gani, kilifanya kazi vipi, nani alikuwa nacho, faili lilitolewaje, mfululizo wa tarakimu 64 ni upi, mtumaji alitambuliwaje. Aape yule aliyefanya kazi hiyo kwa mikono yake. Mara nyingi naona wakili akiapa kuhusu simu ambayo hajawahi kuishika, na kiapo hicho kinastahili kuanguka.

Siku ya ushahidi, shahidi aje na simu yenyewe ikiwa na chaji. Aitambue, aeleze safari yake, aombe ipokelewe pamoja na machapisho, upande wa pili upewe nafasi ya kupinga, na baada ya kupokelewa ndipo yaliyomo yasomwe au sauti ichezwe kwa sauti mahakamani. Kusoma kabla ya kupokelewa, au kupokea bila kusoma, ni makosa ambayo yamewafanya majaji wa rufaa waondoe vielelezo vizuri kwenye kumbukumbu.

Neno moja kuhusu akili mnemba, kwa kuwa vijana wetu wanaitumia kutafuta hukumu. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Kila hukumu utakayoitaja ifungue kwanza kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ambako zinapatikana bila malipo, na uisome yote.

Hukumu ikishatoka, usiirudishe simu kwenye matumizi. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya katika shauri lililoanzia hapo unaweza kukatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na kutoka Mahakama Kuu taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30. Mpaka muda huo upite bila mtu kujitokeza, au rufaa zote zimalizike, simu, diski na daftari la makabidhiano vibaki ndani ya kabati lililofungwa, na ufunguo wake uwe kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina.